Ng'ombe Kumi wa Karatasi

Ninyi vijana mnaofanya udalali wa nyumba pale Katandala, simu zenu zina picha nyingi kuliko vyumba vilivyomo mjini. Juzi mmoja wenu alinisimamisha njiani, shikamoo yake nikaipokea, kisha akanigeuzia kioo cha simu nione. Nyumba nyeupe, sola juu ya bati, tangi la maji ya mvua ubavuni, na chini ya picha imeandikwa kwamba ni nyumba rafiki wa mazingira, ina cheti chake, na kwa hiyo bei iko juu kidogo. Nikamuuliza kama ameingia vyumba vya nyuma. Akacheka. Akasema mzee, nyumba ikishakuwa na cheti, vyumba vya nyuma vya nini.

Nilikwenda nyumbani, sikula vizuri. Mke wangu atawaambia nilikula sahani mbili, msimsikilize. Nimekaa naandika haya kwa sababu swali lile la vyumba vya nyuma liliwahi kunishinda mimi mwenyewe, na kidogo limfilisi mtu.

Kwanza mnijue. Nilianza kama mpakiaji wa magunia ya mahindi, enzi maghala yote yalikuwa ya umma. Halafu ikaja ruksa. Ghafla kila mtu anaruhusiwa kununua, kuuza, kufunga duka na kufungua jingine. Malori yakajaa Sumbawanga mpaka mbuzi wakajifunza kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Na watu waliokuwa wakikaa nyumba za kazi wakaambiwa kazi imekwisha, nyumba zirudishwe. Hapo ndipo nyumba ikawa bidhaa. Kabla ya hapo, kwetu mtu alijenga, akakaa, akafa, na hakuna aliyeuliza nyumba inauzwaje. Mimi niliona mlango umefunguka nikaingia.

Nilikuwa na silaha moja ambayo madalali wenzangu hawakuwa nayo. Nilikuwa nimesoma shule ya usiku, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, kwa mwanga wa karabai iliyokuwa ikinguruma kuliko mwalimu. Nikapata kidato changu cha nne. Basi karatasi yoyote iliyopita mjini, hati, mkataba, barua ya korti, tangazo la chanjo ya kuku, ililetwa kwangu niisome. Wakaniita Bwana Kisomo. Jina lile lilinikaa kama koti jipya, na niwaambie ukweli, nililivaa hata kwenye joto.

Silaha ya pili nilipewa. Alinipa Mzee Ladislaus, mwashi wa zamani aliyejenga na mapadre tangu ujana wake, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kama makoleo. Nilipomwambia nataka kuuza nyumba za watu, aliniangalia muda mrefu akaniuliza kama ninajua nyumba ni nini. Nikamjibu kwa maneno ya kitabuni. Akatoa msumari wa inchi nne mfukoni, akanipeleka nyuma ya nyumba ya jirani, akachagua pembe moja ya chini, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika, akakwaruza. Chembechembe chache zikaanguka, ngumu, nyekundu. Akasema hii itatuzika sisi wote. Akanipeleka nyumba nyingine, nzuri zaidi kwa mbele. Msumari ukaingia kama kwenye ugali. Akanipa ule msumari. Alisema mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba kujionyesha, nyuma ndiko kwa mnunuzi.

Mengine alinifundisha taratibu. Usiende kuangalia nyumba kiangazi peke yake, rudi mvua ikinyesha, usimame ndani kimya usikilize. Lowanisha chini ya ukuta kwa kopo la maji, subiri, halafu nusa. Ukuta mzima hunuka jiwe, ukuta mgonjwa hunuka shamba. Hilo la shamba mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa huu mtindo mnaoudhani ni wa juzi, wa nyumba kupewa cheti kwa sababu ya mazingira, ulifika kwetu zamani, katikati ya miaka ile ya ruksa. Ulikuja mradi mmoja, wa watu wa nje na wataalamu wetu wachache, na nia yao siwezi kuisema vibaya. Mnajua uwanda wetu huu. Ukisimama Izia ukaangalia pande zote unaona nyasi na anga, mti ni wa kutafuta kwa darubini. Na sisi tulikuwa tunachoma matofali kwa kuni! Tanuru moja lilimeza kichaka kizima na kuomba kingine. Mradi ukaleta mashine ya mkono ya kufyatulia tofali za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa. Wakafundisha kuvuna maji ya bati, jiko lisilokula kuni nyingi, madirisha ya kupitisha mwanga na hewa. Aliyejenga hivyo, mkaguzi alikuja, akapima, akaondoka, na baada ya muda cheti kikafika, kina muhuri na sahihi mbili, cha kutundikwa sebuleni.

Ubaya haukuwa kwenye cheti. Ubaya ulikuja pale mtu wa kwanza alipouza nyumba yenye cheti, ofisa fulani aliyehamishwa, akapata bei ambayo Sumbawanga hatujawahi kuisikia. Mji ulishikwa homa. Wiki ile ile watu watatu waliniuliza cheti kinapatikana wapi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mashine ya tofali inapatikana wapi.

Tangu hapo nikawa na wasiwasi na kila nyumba iliyojisifu. Nilikuta moja Katandala yenye sola juu ya bati, na mwenye nyumba ameongeza bei kwa ajili yake. Nikapanda darini nikafuata waya. Waya ulitembea hatua nne ukaishia kwenye kiota cha panya. Sola ilikuwa mbovu, imenunuliwa kwa fundi redio kama mapambo, na ndani ya nyumba wanawasha kibatari. Nilikuta jiko sanifu safi kama altare, halijawahi kuona moto, wakati nyuma kuna mafiga matatu na ukuta mweusi tititi. Nikajifunza: msilitazame jiko, tazameni dari ya jikoni, dari haijui kudanganya.

Na yale madirisha. Fomu ya mkaguzi ilitoa alama kwa matundu ya hewa, upepo uingie huku utokee kule. Mimi nashuku aliyeitunga fomu ile aliishi mahali pa joto na akafia hukohuko. Huku kwetu mwezi wa sita baridi inagandisha salamu mdomoni, unamwamkia mtu asubuhi anaisikia saa nne. Upepo unapita chumbani unaondoka na blanketi. Basi watu wenye vyeti walifanya nini? Walisokomeza magunia kwenye matundu yote mwaka mzima, na wakisikia mkaguzi yuko mjini wanayatoa, wanakohoa siku mbili, akiondoka wanayarudisha. Nyumba moja nilihesabu magunia kumi na saba. Nikamwambia mwenye nyumba, ndugu yangu, hapa ninauza nyumba au ghala la mahindi?

Kwa hiyo msifikiri nilikuwa mjinga. Nilikuwa na macho ya kuku anayemwona mwewe. Ndiyo maana lililonipata linanisumbua hadi leo.

Alikuwepo Bwana Fidelis. Alikuwa karani mkuu katika shirika moja la umma, mtu wa kalamu mbili mfukoni, mpaka shirika likapunguza watu naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chake alikiweka kwenye nyumba Izia, kwenye kiwanja kinachopakana na shamba la mama yake. Alijenga kwa tofali za mradi, akapata cheti. Miaka ikapita, akataka kuuza ili anunue mashine ya kusaga. Nyumba yake ilikuwa inapendeza kwa kweli. Lipu imesuguliwa, gata zimelazwa vizuri, tangi kubwa la saruji nyuma. Cheti amekiwekea fremu na kioo, juu ya picha ya harusi.

Na mnunuzi alikuwa Mzee Shija. Huyu alitoka bondeni, kwenye familia za wafugaji waliohamia huku kutoka kaskazini. Mrefu, taratibu, fimbo haimtoki mkononi hata akiwa amekaa kwenye kochi. Alikuja na mkewe, Mama Kabula, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Walikuwa na mabinti watatu, na walikuwa wameamua mabinti wasome mjini hadi mwisho. Mkubwa, Kabula, alikuwa amepanga chumba na wenzake, ikawa balaa, wenye nyumba wanawasumbua wasichana. Wakataka nyumba yao wenyewe, mama akae na mabinti, baba abaki na mifugo.

Mzee Shija hakupiga bei kwa shilingi. Ukimtajia fedha anainamisha kichwa kidogo, midomo inacheza, kisha anakwambia hao ni ng'ombe wangapi. Nyumba ya vyumba vitano Izia, tofali za kuchoma, bila cheti, ilikuwa sawa na ng'ombe ishirini. Bwana Fidelis alitaka thelathini.

"Hao kumi ni wa nini?" akauliza Mzee Shija.

Bwana Fidelis akanyoosha kidole kwenye fremu.

Zizi zima la Mzee Shija lilikuwa na ng'ombe thelathini na wanne. Nilikwenda kuliona. Akitoa thelathini, anabaki na wanne, na mfugaji wa ng'ombe wanne ni mtu anayesubiri ugonjwa mmoja tu upite. Hakuna maziwa ya kutosha, hakuna mahari ya wanawe wa kiume, hakuna pa kurudi. Nyumba ikimwangusha, ameanguka yeye na kizazi. Aliniambia hayo bila kulalamika, akiwa anamkuna ng'ombe mmoja mwekundu shingoni. Kisha akasema yeye na mkewe hawajui kusoma, na mimi watu wananiita Kisomo. Niikague ile karatasi. Nikisema ni ya kweli, atalipa.

Wanangu, mimi nilivimba. Nilikuwa na shaka na cheti kile, shaka tamu, kama mwindaji aliyeona nyayo. Nikaamua nitakichunguza kuliko hati yoyote iliyowahi kuchunguzwa katika mkoa. Nilikitoa kwenye fremu. Nilikishika juani nione kama muhuri umechorwa kwa mkono. Nililinganisha sahihi na za vyeti vingine viwili. Niliandika barua kwa ofisi ya mradi, ya mashine ya chapa, nikitaja namba ya cheti, na nikasubiri jibu siku nyingi. Jibu likaja: cheti ni halali, namba ni yake, nyumba ilikaguliwa na kufaulu.

Siku ya kuwasomea, tulikaa sebuleni kwa Bwana Fidelis. Nilisimama. Nilisoma kile cheti kwa sauti ya kanisani, mstari kwa mstari, nikitafsiri na kufafanua: tofali za udongo na saruji zilizopimwa, maji ya mvua, jiko, mwanga, nyumba ya vyumba vitatu, imekaguliwa, imestahili. Nikasoma na barua ya ofisi. Nikamaliza, nikasema cheti hiki ni cha kweli kama jua. Mama Kabula alinitazama tu. Mzee Shija akashusha pumzi, akasema basi atamleta ng'ombe wa kianzio.

Ule ndio utaratibu wao. Neno la mdomoni kwake halijawa neno mpaka ng'ombe mmoja ahame zizi akalale kwa mwenzake. Mimi nilishauri alete fedha ya ng'ombe, mjini ni usumbufu. Akanitazama kama niliyemwambia aoe kwa picha. Basi baada ya mvua za kwanza za Novemba kunyesha siku kadhaa, akaja naye, yule mwekundu, wametembea kupanda kutoka bondeni, mnyama amechoka na ana tope hadi mapajani. Akamfunga nyuma ya nyumba, kwenye mti wa pembeni mwa ukuta, kamba ndefu kiasi. Sisi tukaingia ndani, tukakaa chini ya cheti, chai ikaletwa, maandazi yakaletwa, na mkataba niliouandika mwenyewe kwa mwandiko wa shule ya usiku ukawekwa mezani.

Nilikuwa nimefika kwenye kifungu cha tatu nikasikia kitu. Kama mtu anasugua gunia. Kras, kras. Nikaongeza sauti. Kras. Halafu mlio mzito, pwaa, kama mzigo umeshuka kwenye lori, na chai ikatikisika vikombeni. Mke wangu anasema chai haikutikisika. Hakuwepo.

Tukatoka mbio. Yule ng'ombe alikuwa amejikuna tope lake kwenye pembe ya ukuta wa nyuma, kama ng'ombe yeyote anavyojikuna akiona kitu kigumu, ila hakukuwa na kitu kigumu. Lipu ilikuwa imebanduka vipande vikubwa kama ganda la mkate, na nyuma yake tofali zimeporomoka, pembe nzima ya chumba cha nyuma iko wazi, unaona kitanda ndani. Na tofali zile zilikuwa nyeusi. Zimelowa, laini, zinanuka. Zinanuka shamba. Ndani ya ukuta, katikati ya lipu na tofali, kulikuwa na machipukizi ya maharage yamejikunja, meupe kwa kukosa jua. Niliona majani ya kutosha mboga ya watu wanane. Sawa, yalikuwa matatu. Lakini maharage yaliyoota ndani ya ukuta wa nyumba yenye cheti, hata moja linatosha.

Ng'ombe alishusha shingo akayala.

Bwana Fidelis alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya ofisini. Aliyetueleza ni mama yake, bibi kizee aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chai. Alisema bila kujificha. Miaka mitatu baada ya cheti, mwanawe alitaka kuongeza vyumba viwili nyuma. Chimbo la udongo mwekundu ambalo mradi ulilipima lilikuwa mbali, lori lilikuwa ghali, mashine ya tofali alikuwa ameiazima kwa siku chache tu. Na pale pembeni, shambani kwa bibi mwenyewe, matuta yalikuwa tayari.

Ninyi mliozaliwa mjini niwaelezee. Mfipa wa uwanda huu halimi kwa kuchoma nyasi. Mvua zikielekea kwisha anazigeuza nyasi chini, anaziviringisha na udongo kuwa vituta vya duara, zioze humo, juu anapanda maharage, na msimu ujao anavitawanya apande ulezi. Ule udongo ni mweusi, laini, umejichekecha wenyewe, tunauheshimu kuliko dhahabu. Bibi alimwambia mwanawe achukue. Aliacha kulima ulezi mwaka ule ili mwanawe apate vyumba.

"Udongo huu umewalea wote," alisema yule bibi. "Nilijua utashika na nyumba."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa la kwetu sisi, mtu wa jangwani asingelifanya. Udongo wenye nyasi zilizooza hauwezi kushikana na saruji. Unavyokuwa mzuri kwa ulezi ndivyo unavyokuwa mbaya kwa ukuta. Mradi uliwaambia watu wachimbe mpaka waupite udongo mweusi, lakini nani kwetu anaamini kwamba udongo bora ni wa kutupa?

Mimi nikageuka kwa Bwana Fidelis na hasira zote za mtu aliyeaibishwa. Nikamwambia ametudanganya, cheti kinasema nyumba imekaguliwa. Ndipo Mama Kabula akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu tumeanza biashara ile.

"Bwana Kisomo, cheti kinasema vyumba vitatu. Ulisoma mwenyewe."

Akaendelea.

"Mimi kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Nilihesabu milango mitano. Nikasema labda kwenye kusoma kuna hesabu yake, sisi hatuijui."

Watu hawakucheka, na ingekuwa nafuu kama wangecheka. Nilikuwa nimesimama sebuleni, katika nyumba ya vyumba vitano, nikasoma kwa sauti ya kanisani kwamba nyumba ina vyumba vitatu, nikasema ni kweli kama jua. Na ilikuwa kweli. Karatasi haikusema uongo hata neno moja. Ilikagua vyumba vitatu na vyumba vitatu vilikuwa vizima. Niliposhuku muhuri, sahihi, wino na namba, nilikuwa nashuku kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nimekikanyaga.

Mzee Shija alimfungua ng'ombe wake. Nilidhani ndiyo mwisho, kwamba wanarudi bondeni. Lakini mkewe alimwambia asubiri. Akaniomba ule msumari, kwa sababu nilikuwa nimewahi kujisifu juu yake. Akazunguka nyumba nzima peke yake. Sebule, chumba cha kwanza, cha pili, kila pembe ya chini, tulimsikia akikwaruza. Akaenda kwenye tangi, akafungua mfuniko, akatumbukiza fimbo ya mumewe, akaitoa akaangalia imelowa mpaka wapi. Akafungua bomba, akaonja. Kisha akaja akatuambia bei yake, na hakuna aliyeipinga. Vyumba vitatu vya mbele, ng'ombe kumi na watano. Vya nyuma, sifuri, vibomolewe na udongo urudishwe kwa bibi shambani. Kwa ajili ya tangi, ng'ombe wawili zaidi.

"Tangi hili nalilipia," akasema. "Binti zangu hawatakwenda kisimani gizani kabla ya shule. Hilo naliona. Ile karatasi abaki nayo mwenyewe."

Kumi na saba. Zizi likabaki na ng'ombe kumi na saba, na Mzee Shija akabaki mfugaji. Bwana Fidelis hakupata mashine aliyoitaka, alipata ndogo, iliyokwishatumika, lakini ilisaga. Fremu aliondoka nayo kwapani.

Mtaniuliza sasa, vyeti vinapandisha bei au havipandishi? Vinapandisha. Nimeviona vikipandisha kwa miaka yote, na vya sasa vitapandisha zaidi. Tangi lina thamani, sola inayowaka ina thamani, ukuta usiokula msitu una thamani, na mtu aliyejenga hivyo kwa haki yake alipwe. Lakini bei ya karatasi hulipwa siku moja, tangi unalifungua kila asubuhi. Mkaguzi alikagua lini? Nyumba imeongezwa nini tangu hapo? Fomu yake ilitungwa kwa ajili ya baridi yetu au kwa joto la wengine? Yaulizeni haya hata kama mwenye nyumba ni padri. Na mkiwa mnasoma, hesabuni milango.

Nimewashuku watu wengi katika kazi hii. Nilimshuku mkaguzi, ila alikuwa mwaminifu. Bwana Fidelis nilimshuku muda mrefu, kwamba aliipaka lipu nene ile makusudi, na hilo mpaka leo sina hakika, kwani aliponiapia hakuwa akinitazama. Lakini yuko mmoja ambaye uchunguzi wake sijaumaliza. Fungu la dalali hupanda na bei. Ng'ombe thelathini lingekuwa fungu kubwa kuliko yote niliyowahi kupata, na ningeezeka nyumba yangu upya. Siku ile nilipokwenda kuikagua nyumba, msumari wa Mzee Ladislaus ulikuwa mfukoni. Niliugusa. Nakumbuka ubaridi wake kwenye vidole. Nilifika hadi pembe ya nyuma, nikaona lipu ilivyosuguliwa, nikajiambia haifai kuharibu ukuta mzuri wa mtu, nikarudi sebuleni kusoma. Kwa nini sikukwaruza? Nimejiuliza kwa miaka mingi, na kila ninapojijibu, nami simtazami anayeuliza.

Mzee Shija ametangulia mbele ya haki. Mabinti wote watatu walisoma, na Kabula mwenyewe anafundisha. Mama Kabula bado yuko Izia, kwenye vyumba vyake vitatu, tangi lake halijavuja. Yule ng'ombe mwekundu hakuuzwa kamwe, mzee alikataa, alizeekea bondeni kama mstaafu.

Kila nikipita pale na mteja, hata leo nikiwa na fimbo, yule mama huinuka kwenye kigoda chake mlangoni. Hanisalimii kwanza. Humtazama mteja, kisha mimi, kisha huniuliza kwa sauti, mtaa mzima usikie:

"Leo vyumba vingapi, Bwana Kisomo?"

Nami husimama, mbele ya mteja, nikavihesabu kwa vidole vyumba vya nyumba tunayoiendea.